Watoto Watatu, Meza Moja, Mtaala Upi?

Mwenzenu nilidhani kufundisha watoto nyumbani ni kununua vitabu tu. Unanunua, unaviweka mezani, watoto wanakaa, wanasoma, wewe unaendelea kukatakata vitunguu. Hee! Niliyoyaona, niachieni mwenyewe.

Tunaishi Xiaobei, huku Uchina, kwenye jengo ambalo ghorofa za chini zimejaa mawakala wa mizigo, na mume wangu ni mmoja wao. Anakusanya mizigo ya wafanyabiashara wa Dar, anaifunga, anaituma. Tuna watoto watatu. Binti mkubwa ana miaka tisa, alianza shule Dar kabla hatujahamia huku, na mdomo karithi wangu. Wa kati ni mvulana wa miaka saba, mpole, ukimkaripia anaangalia vidole vya miguu. Wa mwisho ana mitatu, na wakati ule shughuli yake kubwa ilikuwa kutafuna kalamu za rangi.

Yule wa kati alisoma chekechea ya Kichina hapa mtaani. Alipomaliza tukamtafutia darasa la kwanza, na kila tulikobisha hodi jibu likawa meiyou, hakuna, neno lile lile tunalopewa sokoni tukiulizia saizi za wanawake wenye miili yetu. Shule za kimataifa ada zake tusiziongelee, tutaharibu siku. Basi, nikasema, watoto wangu nitawafundisha mwenyewe, kwani nashindwa nini?

Nikaomba ushauri kwenye grupu letu la akina mama. Nikajuta. Mkenya mmoja akanitumia sauti ndefu kusifu mtaala wa Uingereza. Mzanzibari akasema nisijitie wazimu, niagize vitabu vya nyumbani, msafiri yeyote atanibebea. Mwingine akasema watoto wadogo hawahitaji mtaala kabisa, waachwe wacheze. Huyo sikumjibu. Mimi nilitaka mtaala mmoja utakaowabeba wote watatu kwa pamoja, maana mikono ninayo miwili na jiko halinisubiri. Nikachukua ule wa Kiingereza, sanduku zima, lina vikadi, picha, na wimbo wa kila herufi.

Binti mkubwa akaupenda siku ile ile. Mdogo akawa anaimba zile nyimbo mpaka chooni. Wa kati sasa! Namwonyesha kikadi kimeandikwa "cat", na picha ya paka ipo hapo hapo imekodoa macho, yeye anasema, "Tsat."

"Sema kat."

"Tsat."

"Wewe! Unamwona paka?"

"Namwona, mama."

"Haya, soma."

"Tsat," ananong'ona, machozi yakimlengalenga.

Nikadhani anafanya makusudi. Nikapandisha sauti, akainamia vidole vya miguu. Nikabadilisha mtaala, nikaleta wa Kimarekani, mambo yakawa vile vile. Nikaleta vitabu vya nyumbani, lakini kufikia hapo mtoto alikuwa akiona kitabu tu anaomba kwenda kunywa maji. Nikaanza kujiuliza maswali ambayo mama hapendi kujiuliza. Nilimtazama mwanangu akila wali, nikawa nawaza, jamani, au ana tatizo? Niliogopa, wala sitadanganya.

Mume wangu si mtu wa kelele. Tukiwa tunakunywa chai akaniambia, "Mama watoto, mimi naona nikienda nyumbani mwezi ujao nimpeleke Tanga kwa dada yangu. Dada anafundisha darasa la kwanza, anawajua watoto wa hivi. Kama hajasoma mpaka siku ya safari, naondoka naye."

Wifi yangu ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini mtoto wa miaka saba! Mtoto ambaye mpaka leo usingizi haumpati bila kushika sikio langu! Nikasema sawa, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Tukawa tunaishi hivyo, mimi nikibembeleza kusoma, mtoto akikimbilia maji, safari ikikaribia.

Jumamosi moja mchana nilitaka kumbadilisha shati tutoke. Nikafungua kabati, hamna shati lake hata moja. Suruali hamna. Chandarua cha kitandani kwake nacho hakipo.

"Nguo za mwenzio ziko wapi?" nikamuuliza dada yake.

"Amefungasha," akajibu bila kuinua kichwa.

Niseme kwamba watoto wangu mchezo wao mkubwa ni kago. Baba yao huwaletea katoni zilizobonyea, nao wanazijaza midoli na mito, wanazungushia selotepu, kisha wanaandika maki kwa kalamu ya wino mzito. Maki ndiyo ile alama ya ubavuni mwa mzigo, jina la mpokeaji na mji, ili usipotee. Nikajua ndiyo hayo. Nikaenda kwenye kona yao nikiwa nimeshapandisha, na maneno ya kufoka ninayo mdomoni. Nikakuta katoni imefungwa vizuri kuliko anavyofunga baba yake. Ubavuni imeandikwa:

XANGAZI TANGA

Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: XATI. QUPI. QANDARUA.

Nikasimama. Xangazi ndiyo nini? Nikaangalia ile X. Kila siku napita kituo cha metro, kibao kimeandikwa Xiaobei, nami naisoma "sh" bila hata kufikiri. Xangazi. Shangazi! Xati ni shati. Na Q kwa Wachina ni "ch", kwa hiyo chupi, chandarua. Kumbe chekechea walimfundisha pinyin, zile herufi zetu hizi hizi ambazo Wachina hutumia kuwaonyesha watoto matamshi, ila wao wanazitamka kivyao. Na C yao ni "ts"! Mtoto alikuwa anasoma "tsat" kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Alikuwa anasoma sawasawa, mimi ndiye nilikuwa napiga kelele.

Nilipiga kigelegele, wallahi, mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu kikanikatika hapo hapo. Kwa nini ameandika Tanga?

Alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia vidole vyake.

"Nani kakwambia unaenda Tanga?"

"Nilimsikia baba." Akaionyesha katoni kwa kidole. "Nimeweka na chandarua. Dada anasema kule kuna mbu."

Nikakaa chini sakafuni, nikamvuta, nikalia kilio cha mtu mzima, huku nacheka. Yeye ndiye alikuwa ananipangusa.

Nikampigia baba yao simu apande juu. Akaja anahema, akadhani kuna aliyeumia. Nikamwonyesha ile katoni. Aliisoma taratibu, mara moja, mara mbili, akijichorea zile herufi kiganjani, maana na yeye hushinda na vibao vya Kichina. Kisha akavua kofia.

"Maki safi hii," akasema.

Nikachukua kalamu, chini ya XATI nikaandika SHATI. Nikamwambia mtoto, "Sisi tunaandika hivi." Akaziangalia zote mbili. "Aa, hii ndiyo hii," akasema, kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa pili wa nyumba anayoijua. Ule mzigo uliokuwa kifuani kwangu miezi yote, sijui ulikwenda wapi.

Hapo mjadala wa mitaala ukaisha. Wa kati anaanza na Kiswahili, sha she shi, cha che chi, Kiingereza kitamfuata mwenyewe. Mkubwa aendelee na sanduku lake. Mdogo aachwe na kalamu zake, na yule mama wa kwenye grupu aliyesema wacheze alikuwa na haki yake.

Mume wangu akampigia dada yake pale pale, sauti nje, sote tunasikia.

"Dada, kijana haji."

"Haji? Na kusoma je?"

"Anajua kusoma, dada."

Mtoto akaniangalia, macho yamemtoka. "Mama, mimi najua kusoma?"

"Unajua, baba. Siku zote ulikuwa unajua."

Akaenda kwenye katoni, akaanza kubandua selotepu mwenyewe.