Katambuga Chini ya Ndizi

Mume wangu Eustaki ni fundi wa katambuga, zile ndala za tairi, na ni fundi hasa. Pale sokoni Ifakara, mtu akitaka za kuvumilia misimu mitatu ya matope hatafuti kwingine. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu yanayofuata si mazuri, na mimi mwenyewe nimo.

Rafiki yake tangu utoto ni Polycarp, mkulima wa mpunga. Shamba lake liko ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Wenzake huenda kwa baiskeli, yeye hukimbia, asubuhi kwenda na jioni kurudi, akisimama tu kungoja pantoni. Miguu yake ni mipana, vidole vimetawanyika, maana haijawahi kuingia kwenye kiatu cha kufunika. Ilikuwa inazijua katambuga za Eustaki tu.

Mwaka 1996 padri wetu alipata barua kutoka Malawi. Misheni moja ya kule ilikuwa imeandaa mbio za kilomita mia moja kando ya ziwa, kwa siku mbili. Kila mkimbiaji alitakiwa aje na msaidizi wa kumfuata kwa baiskeli na kumpa maji na chakula. Padri akamtaja Polycarp, Polycarp akamtaja Eustaki. Jumapili parokia nzima ikawaombea, kisha wakapanda treni ya Mbeya. Mume wangu alibeba katambuga mpya alizozitengeneza kwa wiki nzima, kazi safi kuliko zote nilizowahi kuziona mikononi mwake.

Kufika kule wakakuta wenzao wamevaa raba nyeupe. Eustaki akazitazama katambuga zake, hizo hizo zinazotulisha sisi na watoto, akaziona takataka. Aliona haya. Jioni ile alikwenda sokoni, akavua saa yake ya mkononi, akaibadilisha na raba za mtumba. Alimwambia Polycarp kwamba katambuga amezisahau kwenye basi. Uongo mtupu. Alikuwa amezifunga kwenye gazeti na kuziweka ndani ya mfuko wa baiskeli aliyoazimwa kule, chini ya ndizi za kula njiani.

"Zinabana kidogo," Polycarp alisema alipozijaribu.

"Zitaachia ukikimbia," fundi wa viatu akamjibu. Fundi wa viatu, jamani!

Siku ya kwanza Polycarp alimaliza wa nne. Alipovua soksi, ngozi ilitoka nazo. Siku ya pili alikuwa anakanyagia ubavu wa mguu, na damu ilianza kupenya kwenye ile raba nyeupe. Eustaki alikuwa pembeni yake juu ya baiskeli, anampa maji, anamwambia, "Kaza, ndugu yangu." Katambuga zilikuwa kwenye keria, angenyoosha mkono tu angezifikia. Lakini akizitoa ataonekana mwongo. Hakuzitoa. Kilomita ya sitini Polycarp aliketi chini katikati ya barabara, na mbio zikaishia hapo.

Waliporudi, watu walikuwa wamejaa stesheni. "Pumzi ilimwishia," Eustaki aliwaambia. Polycarp alikuwa amesimama hapo hapo, anasikia.

Wiki haikuisha kabla hajapewa jina la Nusu. Watoto walimwita Nusu, hata wavushaji wa pantoni walimwita Nusu. Mimi nami nilimwita hivyo mashineni, tukiwa kwenye foleni ya kukoboa mpunga, na nilicheka kuliko wote. Polycarp akaacha kukimbia. Akawa anatembea kwenda shamba, anaondoka mapema ili asikutane na watu. Mume wangu naye akawa hali chakula, mimi nikadhani ni malaria.

Ulipita mwaka mzima. Siku moja mchana nilimpelekea Eustaki wali kibandani, nikamkuta Polycarp amekuja kushonewa mkanda wa katambuga yake uliokatika. Mteja mmoja kutoka Kiberege akadakia, "Ah, Nusu! Vipi, pumzi imerudi?" Watu wakacheka.

Mume wangu aliweka nyundo chini. Akaingiza mkono chini ya benchi, akatoa kifurushi cha gazeti na kukifungua mbele yetu sote.

"Pumzi yake haikuisha," alisema. "Ni mimi. Nilizificha hizi, nikamvalisha raba za kumbana. Nilizionea haya. Zilikuwa kwenye baiskeli siku zote mbili, na damu yake nilikuwa naiona."

Polycarp alizishika, akazigeuza, akazikagua soli ambazo hazikuwa na hata mkwaruzo.

"Ungeniambia tu nivue," alisema polepole. "Peku ningefika, Eustaki. Nilizivumilia zile raba kwa sababu niliona mkono wako hauna saa. Nikasema nikizivua, huyu atajisikia vibaya."

Eustaki alilia pale pale, mtu mzima, mbele ya wateja wake. Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli langu. Nilitaka kusema, "Nisamehe, shemeji," nikaishia kufuta ukingo wa bakuli kwa kanga.

Polycarp aliziweka katambuga mpya juu ya benchi. Akavaa zake kuukuu, na ule mkanda ukiwa bado umekatika, akanigeukia kwa upole, mimi niliyemcheka mashineni.

"Shemeji, wali unapoa," akasema, akaenda zake.