Taka Nyuma ya Mlango

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Hillbrow hakuna aliyethubutu kutoa taka nje wakati mtu wetu yuko safarini. Kufagia tulifagia, maana Tantine Bea alikuwa mtu wa usafi kupindukia, lakini taka ziliishia nyuma ya mlango. Zilikaa pale mpaka msafiri apige simu na kusema amefika. Ukizitoa mapema, alisema Tantine, umefuta nyayo zake, na atafika njia panda asijue ashike ipi. Kulikuwa na sharti la pili pia: usitaje siku ya mtu kufika. Ukiulizwa yuko wapi, jibu ni kwamba yuko njiani, basi.

Tantine ni mdogo wake mama yangu. Alikuwa msusi, na wateja walimfuata nyumbani, ghorofa ya kumi, kwa ngazi, kwa sababu lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa kabla hatujahamia. Walifika wakihema, wakajitupa kwenye stuli chini ya dirisha, naye akawasuka huku akiwapa habari za Lubumbashi kana kwamba ametoka huko jana. Kwa hiyo taka zetu zilikuwa hasa nywele za bandia, nyeusi, kahawia, mara moja moja nyekundu, zimechanganyika na maganda ya karanga. Mgeni akiingia na kuona rundo lile nyuma ya mlango, alijua bila kuuliza kwamba tunamngoja mtu.

Mimi nilikuwa nimeletwa Johannesburg na Tantine ili nisome. Baba alifariki ningali mchanga, na mama alibaki kumuuguza bibi. "Bibi akipona, ninakuja," aliniambia kila Jumapili kwa simu. Bibi hakupona. Alipokwisha kuzikwa na matanga kumalizika, mama akaanza kufunga mizigo.

Ni wakati huo huo ambapo Yannick, mtoto wa Tantine, alileta mchezo. Yannick alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka minne na alijiona mzee wa familia. Mtu mmoja mwenye kibanda cha simu alikuwa amempa kompyuta kuukuu yenye mstari wa kijani katikati ya kioo, na ndani yake kulikuwa na mchezo wa kutisha wa Kijapani. Alisema umetokana na hadithi wanazotishana watoto wa kule: mwanasesere aliachwa nyuma familia ilipohama, sasa anampigia simu msichana aliyekuwa akimmiliki. Jina la mchezo liliandikwa kwa herufi zao, hatukuweza kulisoma. Tukauita Niko.

Hakukuwa na bunduki wala kukimbizana. Uko peke yako kwenye fleti, mvua inanyesha nje. Unaosha vyombo, unalisha paka, unafunga mapazia. Hakuna muziki, unasikia mvua na ngurumo ya friji, basi. Halafu simu inaita. Ukiipokea, sauti ya mtoto inasema, niko stesheni. Inakata. Unarudi kwenye vyombo vyako. Inaita tena: niko darajani. Halafu, niko dukani pale kwenye kona. Niko chini ya jengo lako. Niko mlangoni. Na mwisho, niko nyuma yako, hapo lazima ugeuke.

Yannick alitufundisha siri yake. Ukiiacha simu iite mpaka inyamaze, mwanasesere hubaki pale alipo, nawe umeokoka. Ukizipokea simu zote, lazima afike. Hakuna mlango wala kufuli la kumzuia.

Watoto wa jengo zima walikuja kwetu mchana kuutazama. Tulifunga mapazia ili kuwe na giza, na Tantine akafoka.

"Munafunga mapazia, nitasuka namna gani? Munataka nisuke sikio ya mama ya batu?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupita pale pa chini ya jengo. Sisi wenyewe tulikaa kwenye jengo la ngazi, na kila tulipofika hapo, mtu fulani alikuwa anapanda kwa kweli, kandambili zake zikipiga sakafu, nasi tukapiga kelele mpaka majirani wakagonga ukuta.

Ilikuwa likizo mama alipoondoka Lubumbashi. Asubuhi hiyo Tantine alifagia chumba, akasukuma taka nyuma ya mlango na kusimamisha ufagio kando yake. Mchana tulikuwa kwenye Niko wakati simu ya Tantine ilipoita. Mikono yake ilikuwa imezama kwenye kichwa cha mteja, akaniashiria kwa kidevu nipokee.

"Allô, Clarisse? Mama hapa. Niko ku Kasumbalesa, ku mupaka, tuko ku foleni ya paspoti. Jua iko kali! Ulikula?"

Nikasema nimekula. Ikakata, maana alikuwa ameazima simu ya mtu.

Yannick aliachama kinywa. "Yo!" akasema. "Ni Niko."

Watoto wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Tantine, bila kuinua uso, akauliza, "Iko wapi sasa?"

"Kasumbalesa."

"Bon. Iko njiani."

Nililifikiria jambo hilo sana, kwa akili zangu za darasa la nne. Wenzangu wote walicheza wakiomba mwanasesere asifike. Mimi nilikuwa na mtu ninayetaka afike kuliko kitu chochote duniani. Basi kama kutopokea kunamzuia, kupokea kunamleta. Nikaamua kwamba simu zote za mama nitazipokea mimi, kwa mkono wangu, na sitakosa hata moja. Nikamwomba Tantine anikabidhi simu yake, akakubali, akidhani ni hamu tu ya mtoto. Nilikwenda nayo msalani. Nililala nayo shavuni.

Mama alipiga kutoka Lusaka, akalalamika kuhusu kuku aliyeuziwa. Alipiga kutoka Chirundu, malori yamejipanga mpaka macho yanachoka. "Nyani iliiba mukate ya dereva!" akasema, akicheka mpaka nami nikacheka. Kutoka Harare aliniuliza kama nina jaketi. Kila simu ilipokatika, Tantine aliuliza, "Iko wapi sasa?" nami nikataja mahali, naye akajibu, "Bon. Iko njiani." Rundo nyuma ya mlango lilikua, kwa sababu ilikuwa likizo na kila mama alitaka kusukwa.

Kisha ikaja simu ya Musina.

"Clarisse, nilishavuka! Niko mu inchi yenu! Gari inajaa sasa. Ambia tantine asipike bukari, nitapika miye."

Nilitaka sana kumuuliza atafika saa ngapi. Nikaziba mdomo wangu kwa kiganja, nikakumbuka sharti. Nikasema tu, "Sawa, mama."

"Sawa, mama yangu," akanijibu. Ndivyo wanavyowaita kwetu watoto wa kike.

Nilijua zimebaki simu mbili, ya chini ya jengo na ya mlangoni. Nilikaa dirishani, simu mapajani, nikitazama teksi zikisimama baada ya robot, zile taa za barabarani, na kuteremsha watu wenye mabegi. Kila mwanamke mwenye kitenge alikuwa mama mpaka ainue uso. Simu iliita mara nyingi jioni ile. Walikuwa wateja, wakiuliza kama kesho Tantine ana nafasi. Niliwapokea wote, na niliwachukia wote.

Yannick, aliyekuwa akinitania tangu Kasumbalesa, alifunga kompyuta yake bila kuambiwa, akaja kukaa karibu nami. Kila hatua ya mtu ngazini tuliisikiliza pamoja. Zilipanda, zikapita, zikaenda kwa watu wengine.

Tantine alipika bukari, ugali wa kwetu, akasahau kula. Alipiga ile namba ya Musina. Mwanamume akajibu kwamba ndiyo, alimwazima simu mama mmoja Mkongo, na alimwona akipanda gari. Zaidi ya hapo hajui.

Kesho yake mchana simu iliita tena. Hiyo nayo niliipokea mimi. Sauti ya mwanamke, kwa Kiingereza cha taratibu, iliomba kuzungumza na mtu mzima. Nikampa Tantine. Alijifuta mafuta ya nywele kwenye kanga, akaishika simu kwa mikono miwili, akasikiliza. Hakuuliza iko wapi sasa.

Gari lilikuwa limepinduka kabla ya Polokwane, njiani kuja kwetu. Miaka mingi baadaye Tantine aliniambia jinsi walivyotupata: mama alikuwa ameandika namba yetu kwa kalamu kwenye mkono wake, juu kidogo ya kifundo, ili asiisahau kila anapoazima simu.

Tantine alikwenda na mchungaji kumtambua, akarudi. Wanawake wa kanisa wakajaa chumbani, wakaondoa stuli, wakatandika mikeka. Mmoja wao, mama mwema ambaye hakuwa na kosa lolote, aliona rundo la nywele nyuma ya mlango, akashika ufagio ili watu wakae mahali pasafi. Sijawahi kusikia sauti kama ile aliyotoa Tantine.

"Wacha! Dada yangu iko njiani!"

Naye ndiye aliyekuwa ametoka kumwona amelala. Yule mama akaurudisha ufagio ukutani polepole. Mimi nilimshika Tantine kiunoni, nikaamini kwa muda mfupi kwamba yeye anajua kitu ambacho mchungaji hakijui.

Tulimzika mama huku huku. Watu wakarudi kwenye shughuli zao, wateja wakarudi kwenye stuli, na rundo likabaki. Walilizunguka wakiingia. Nywele zikawa na rangi ya vumbi. Mpaka asubuhi moja Tantine akaniita, akanipa kizoleo, yeye akashika ufagio. Alifagia kidogo kidogo, kwa mkono mwepesi, vile alivyotenganisha nywele za mtoto mwenye kichwa kinachouma. Tukatia kila kitu kwenye mfuko wa plastiki, tukashuka ngazi pamoja. Pale chini ya jengo nilisimama. Simu iliyofuata ingetoka pale. Tantine alinisubiri, mfuko mkononi, mpaka nilipokuwa tayari kwenda.

Kwa miaka mingi nilitafuta kosa letu. Watu wazima wenye busara wameniambia nisitafute, kwamba gari ni gari na barabara ni barabara. Hawajui kwamba nilitamani kulipata. Kama kungekuwa na mtu aliyetoa taka mapema, kama ningekosa simu moja, ningejua kwa nini. Lakini nimepitia siku zile zote, moja baada ya nyingine, na hatukuvunja chochote. Tantine alishika masharti yake, mimi nikashika ya Niko, na mama hakufika. Jambo hilo liliniuma kuliko mwiko wowote uliovunjwa, na linaniuma leo.

Siku hizi, hata hivyo, siwezi kumcheka mtu anayeweka taka nyuma ya mlango. Anayengoja hana la kufanya kwa mikono yake. Tantine alikuwa na ufagio, mimi nilikuwa na simu. Siku zile chache kutoka Kasumbalesa hadi Musina nilikuwa mtoto mwenye kazi kubwa, na niliifanya vizuri, na mama alinikuta hewani kila aliponitafuta. Hilo halikuzuia gari kupinduka. Lakini hakuna siku aliyopiga akakosa sauti yangu, nami nalishika hilo kwa nguvu zote.

Sasa naishi Midrand. Jumapili Yannick huja na watoto wake wawili, na Tantine huja nao, amezeeka vidole, hasuki tena. Mwezi uliopita Yannick aliukuta mchezo ule umetengenezwa upya, picha safi, mvua kama mvua kweli. Aliniuliza kwa macho kama ni sawa. Nikasema lete.

Watoto walijaribu kwanza, wakaacha simu ziite, wakaokoka, wakashangilia. Kisha nikachukua mimi. Nikaosha vyombo, nikalisha paka. Nikapokea stesheni, nikapokea darajani na dukani. Nikapokea chini ya jengo, mahali ambapo sikuwahi kupita. Nikapokea mlangoni. Friji ilinguruma. Simu ikaita kwa mara ya mwisho, na sauti ikasema iko nyuma yangu.

Watoto walijifunika nyuso, wakanipigia kelele kwa Kiingereza chao nisigeuke. Niligeuka. Si kwa vitufe vya mchezo. Niligeuza shingo yangu mwenyewe, haraka, kwa furaha, kabla akili haijanikumbusha.

Alikuwa Tantine, kwenye kiti, na bakuli la karanga mapajani. Alikuwa amezisikia simu zote. Mikono yake ilikuwa imesimama.

"Iko wapi sasa?" akaniuliza.

"Iko njiani, Tantine."

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kumenya. Maganda mengine yalianguka sakafuni. Walipoondoka jioni niliyafagia mpaka nyuma ya mlango, nikayaacha hapo.