Bia Haijatulia, Rudini Kesho

Nikisema niliwahi kufanya kazi baa Dubai, watu huniuliza kama tulikuwa tunauza kwa kujificha. Hapana. Baa zilikuwepo, na hata leo zipo, ndani ya hoteli zenye kibali, na kila mtu anajua zilipo. Yetu ilikuwa chini ya hoteli moja ya kawaida upande wa Bur Dubai. Ukipita mapokezi unashuka ngazi, unasukuma mlango mzito wa mbao, umefika. Haikuwa na dirisha hata moja. Zulia lilikuwa limechoka, viti vilikuwa vimeng'arishwa na makalio ya watu wa miaka mingi, na ubao wa kurushia vishale ulikuwa na matundu mengi ukutani kuliko ubaoni. Niliipenda baa ile, na sijali nani atanicheka. Kule Al Quoz, kwenye makazi ya wafanyakazi, nililala chumba kimoja na wanaume ambao wengine sikuwahi kujua hata wanatoka wapi. Huku chini watu walikuwa wananiita kwa jina langu.

Mteja wetu mkubwa kwa umri alikuwa Mwingereza mmoja aliyekuwa mhandisi wa mitambo bandarini Jebel Ali. Sisi Waafrika tulimwita Mzee, kwa Kiswahili hivyo hivyo, na aliitika. Kila wiki aliandika ukurasa mmoja wa habari za baa na kuubandika kwenye milango ya vyoo, kwa sababu, alisema, huko ndiko mtu husoma kwa utulivu. Nani amerudi kwao moja kwa moja, nani anauza friji, nani kapata mtoto, paka wa nyuma ya jiko kazaa tena. Wafanyakazi nao tuliandikwa. Nilipofaulu mtihani wa kuendesha gari, baada ya kuanguka hadi aibu ikaniisha, niliandikwa juu kabisa, kabla ya paka.

Basi wiki moja karatasi ya Mzee ikawa na habari mbaya. Meneja mkuu wa hoteli alitaka kuifunga baa na mahali pale aweke ukumbi wa shisha, wenye makochi meupe na mtu wa kupiga muziki. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama hesabu zake, akaona wazee wanaokaa na glasi moja jioni nzima wakibishana kuhusu mvua za kwao.

Aliyeumia zaidi, kwangu mimi, alikuwa dada mmoja Mchagga wa Rombo tuliyefanya naye kazi nyuma ya kaunta. Kabla ya baa alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa familia moja Jumeirah. Hawakumpiga, mshahara walimlipa. Lakini aliniambia miaka yote ile hakuwahi kukaa kwenye kiti mbele ya madam. Alikula amesimama jikoni, mgongo kwenye friji. Alipohamia kwetu, jambo la kwanza alilofanya ni kujichagulia kiti. Kilikuwa kwenye meza ya pembeni, tulipokunywa chai alasiri kabla ya kufungua, na ole wako ukikikalia. Baa ikifungwa hoteli haikuwa na kazi nyingine ya kumpa. Viza ingefutwa, na mlango pekee uliobaki wazi ulikuwa wa kurudi jikoni kwa madam, kusimama.

"Mimi sirudi kule," alisema. "Afadhali niende kwetu nikalime."

"Utalima nini wewe, mikono imeshakuwa laini."

"Wewe Mkenya nyamaza. Unaongea kama unafukuza mbuzi."

Ndivyo tulivyokuwa. Yeye alinicheka kwa Kiswahili changu, mimi nilimcheka kwa kuomba samahani kila baada ya sentensi mbili.

Bosi wetu wa baa alikuwa Mwingereza mnene mwenye sauti ndogo. Tulimwita sir kama ilivyo desturi kule, ingawa yeye mwenyewe alionekana kuchoshwa na neno hilo. Huyo sir alienda kumbembeleza meneja mkuu, akarudi na ahadi moja. Angeleta bia ya kwao, ile halisi ya mapipa, isiyopigwa gesi wala kuchujwa, ambayo hakuna baa ya jirani iliyokuwa nayo. Alhamisi jioni meneja mkuu angekuja kuangalia. Akikuta watu wana sababu ya kuja hapa badala ya kwingine, baa ibaki. Asipokuta, khalas.

Mapipa yakafika kwa meli, ndani ya kontena la baridi. Sir aliyapokea kama mtu anayepokea mama yake uwanja wa ndege. Tuliyalaza kwenye chumba cha baridi juu ya vitanda vya mbao, akatukusanya akatueleza. Bia hii iko hai. Hamira bado inafanya kazi mle ndani. Ukishailaza unaiacha itulie, machicha yashuke chini, ndipo unafungua na kuivuta kwa pampu ya mkono, taratibu, itoke imetakata. Haisogezwi. Haiguswi. Tukasema sawa sir.

Siku hiyo dada alikuwa na mapumziko.

Alhamisi asubuhi sir alikuwa anakimbia huku na huku akitafuta glasi za ziada. Akamkuta dada stoo, akamwambia, "Yaangalie mapipa yale kama yako," akaondoka. Maneno hayo tu. Na dada akayaangalia kama yake.

Nilipoingia nilimkuta amekunja mikono ya shati, ameshika pipa huku na huku, analibembea kama mama anayelaza mtoto. Mengine alikuwa ameshayamaliza.

"Dada, unafanya nini?"

"Nachanganya. Mmeyaacha yamelala, vyote vizuri vimeshuka chini. Hata aibu hamna."

Kwao, mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, haitolewi bila kukorogwa. Ulezi ndio chakula chake, na ulezi hukaa chini. Ukimtekea mgeni ile ya juu nyepesi, umemwambia hana maana kwako, umempa maji. Alinieleza haya yote huku bado anabembea, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mpumbavu. Alitaka wageni wa jioni ile wapate ile nzito. Alitaka kuiokoa baa kwa mikono yake miwili.

Nilimkasirikia, sifichi. Nilimwambia sir alikataza, kila mtu anajua, isipokuwa yeye. Akaachia pipa polepole. Hakulia. Alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena, akaendelea kuifuta hata ilipokauka.

Sir aliporudi alivuta glasi moja, akaiinua kwenye taa. Ilikuwa kama uji wa jana. Akakaa juu ya kreti. Kama angefoka ningejua la kufanya, lakini aliitazama tu ile glasi, na dada amesimama mbele yake, mgongo kwenye mlango wa friji, kama kule Jumeirah. Picha hiyo ilinichoma.

"Itatulia?" nilimuuliza sir.

"Kesho. Labda kesho jioni."

"Basi waambie warudi kesho," dada akasema. Alisema kwa Kiingereza chake cha kubahatisha, lakini alisema. "Nyumbani pombe isipoiva, watu wakija wanaambiwa bado. Wanakaa kidogo, wanaongea, wanaenda. Kesho wanarudi."

Sir alitikisa kichwa. "Hii si nyumbani. Watu wa hapa hawarudi. Wakikosa kitu hapa, barabarani kuna hoteli nyingine."

Na ni kweli. Dubai ya miaka ile kila mtu alikuwa mpita njia. Unazoea mtu, Jumapili unasikia kandarasi yake imeisha, yuko kwao. Jengo uliloacha linajengwa, ukirudi limeshahamiwa. Nani alirudi popote kwa ajili ya kesho?

Jioni baa ikajaa. Mzee alikuwa ameitangaza bia kwenye karatasi yake ya wiki ile, na watu walikuja hata kutoka makambi ya mafuta. Sir akapanda kwenye kiti. Kwa ile sauti yake ndogo akawaambia ukweli: bia ipo, lakini imetikiswa kwa bahati mbaya, haijatulia, hataki kuwapa kitu kisichofaa, tafadhali rudini kesho. Hakusema nani alitikisa. Dada akainua mkono kutoka nyuma ya kaunta.

"Mimi," alisema. "Samahani. Kwetu tunakoroga."

Mzee akauliza, kwenu wapi, na mnakoroga nini? Dada akaanza kueleza, kwanza akitazama chini, baadaye akitumia mikono. Ndizi zinavyoiva hadi maganda yawe meusi, zinavyochemshwa, ulezi unavyooteshwa, kibuyu kinavyopita kutoka mkono hadi mkono. Kwamba mwenye pombe hunywa wa kwanza, akiwa amekaa, watu waone ni salama, kisha anampa aliye mkubwa kuliko wote. Watu walisogea karibu. Wengine waliuliza maswali ya kijinga, na yeye alijibu yote.

Meneja mkuu akaingia katikati ya hayo. Alitazama glasi mikononi mwa watu, akaona soda na bia ya kopo kama za baa nyingine yoyote. Sir akamweleza. "Umeniita nije nione bia," meneja mkuu alisema, "na bia haipo." Hakusema kwa ubaya. Sir akamwomba siku moja tu. Akajibu atapita kesho kwa kuwa ana kikao karibu, lakini wasimpotezee muda. Alipotoka watu nao wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wakisema kesho, kesho, inshallah. Na kule inshallah ya namna ile kila mtu anajua maana yake.

Ijumaa tulifungua alasiri. Sir alivuta glasi ya kwanza akaiinua kwenye taa, na nikaona vidole vyake upande wa pili. Ilikuwa ya rangi ya asali, imetakata kabisa. Kwa hiyo bia ilikuwa tayari, na baa ilikuwa tupu. Tukakaa. Dada alipanga glasi, akazipangua, akazipanga upya. Mimi nilifuta kaunta safi. Kila lifti ilipolia juu, sote tuliangalia mlango, na kila mara ilikuwa wageni wa hoteli wakienda zao. Nilianza kuwaza nitamwambia nini dada.

Mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kusukuma mlango. Alikuwa amevaa tai.

"Imetulia?"

"Imetulia," sir akasema.

"Basi ngojeni," akasema, akageuka, akapanda ngazi tena. Tukatazamana. Kumbe wenzake walikuwa wamesimama mapokezi. Walikuwa wamekubaliana wasishuke mmoja mmoja kama wanaokwenda kazini. Walitaka kushuka pamoja, kama wanaokwenda kwenye pombe ya mtu. Wakashuka. Walikuja wale wa jana, na wale wa jana walileta wake zao, na majirani zao, na vijana wa ofisi wasiojua bia hai ni nini, na hata mpishi wetu Mzanzibari, ambaye hajawahi kuionja pombe maishani mwake, alitoka jikoni na sinia la kachori akasimama karibu na mlango kuona kutakuwaje. Viti vikaisha. Watu wakakalia makreti, ngazi, na ukingo wa ukuta chini ya ubao wa vishale. Hakuna aliyeomba kinywaji. Walikuwa wanamngoja dada.

Mzee akakivuta kile kiti cha dada, cha meza ya pembeni, akakiweka katikati ya sakafu. "Mwenye pombe hunywa amekaa," alisema. "Wewe ndiye uliyetuambia."

Dada akakaa. Alikaa ukingoni kabisa, kama mtu anayetarajia kuitwa. Sir akamletea glasi mwenyewe, kwa mikono miwili. Wakati huo huo mlango ukafunguka, na meneja mkuu akaingia na suti yake. Dada akamwona. Miguu yake ikafanya kile ilichozoea kufanya miaka yote: akasimama wima, glasi mkononi, bia ikamwagika kidogo kwenye zulia.

"Madam," Mzee akamwambia. "Kaa."

Sijawahi kusikia mtu yeyote akimwita dada yule neno hilo, si kabla wala baada. Akamtazama Mzee, akamtazama meneja mkuu, akatutazama sisi. Kisha akakaa, safari hii hadi nyuma kabisa ya kiti, mgongo umeegemea. Akanywa. Hakuharakisha.

"Ni nyepesi," alisema. "Lakini nzuri."

Watu wakacheka kwa sauti moja, na akampa Mzee glasi. Kazi ikaanza. Nilivuta ile pampu mpaka bega likaniuma, na sijawahi kufurahia maumivu hivyo.

Meneja mkuu alibaki amesimama, akitafuta mahali. Hapakuwapo. Nikamchukulia kreti, nikaligeuza, nikalipangusa. Alilitazama, akavuta suruali yake juu kidogo kwenye magoti, akakaa kungoja zamu yake ifike. Ilichukua muda, maana tulikwenda kwa umri, na yeye alikuwa bado kijana.