Mshale Uliosema Themanini

Spidomita ilikuwa imelazwa chali juu ya meza ya kulia chakula, na mwenye gari ameiinamia kwa miwani mbili: moja puani, nyingine kwenye paji la uso.

"Leo tutakula wapi, sakafuni?" mkewe aliuliza.

"Eeh?"

"Nimesema, tutakula wapi!"

"Usinipigie kelele, mama. Nasikia."

Mzee huyu aliitwa Sikio, na jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na madereva wenzake wa malori, enzi za safari ndefu za kuvuka mipaka. Aliweza kukaa kibandani na kikombe chake cha chai, lori lipite, naye aseme bila kuinua kichwa, "Huyo, beringi yake ya nyuma haifiki jioni." Na kweli haikufika. Katika safari hizo aliokota salamu za lugha saba na matusi ya lugha tisa, lakini lugha aliyoiamini ilikuwa moja tu, ya injini, kwa kuwa injini haina adabu ya kumficha mgeni mambo ya nyumbani kwake. Hata kasi aliijua kwa sauti. Kwenye hamsini gari linaguna, kwenye sitini linaimba, kwenye themanini linalalamika. Mita aliiona ni kitu cha madereva wanaojifunza.

Sasa alikuwa amestaafu malori, na kila asubuhi alipeleka shuleni watoto watano wa majirani kwa gari lake dogo, kuukuu, lililong'aa kama sahani ya mgeni.

Maneno yalianza Ijumaa mchana. Nesi, mama wa yule mtoto mdogo kuliko wote, alimsubiri getini akiwa bado na sare ya kazini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Sikai. Babu, asubuhi nilipewa lifti na daktari, tukawa nyuma yako. Mita yetu ilikuwa inasoma themanini, na bado ulikuwa unatuacha. Barabara ile ni ya sitini."

"Sitini ndiyo niliyokuwa nakwenda."

"Mita yako ilisemaje?"

Mita ya mzee ilikuwa haijasema neno la maana kwa miaka mitatu. Mshale ulirukaruka kutoka arobaini hadi mia kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, naye akaacha kuutazama, kama mtu anavyoacha kumsikiliza shemeji mlevi.

"Sitaki kukuvunjia heshima," nesi alisema, akitazama chini. "Lakini Jumatatu nikiona mambo ni yale yale, nitamtoa mtoto. Na wazazi wenzangu nitawaambia kwa nini."

Sikio alikuwa ameendesha miaka arobaini bila kugonga hata kuku. Viti vile vitano vikibaki vitupu, angekuwa mzee mwingine tu mwenye gari lililoegeshwa. Jioni hiyo alimwambia mkewe, "Mita yao ndiyo mbovu. Nitatengeneza yangu, halafu tutajua mwongo ni nani."

Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani ilikuwa imemfundisha mambo yake. "Uzi ukikatika," alisema, "usianze kwa kuugombeza uzi." Mzee hakumsikia, au alijifanya hakumsikia. Siku hizi ilikuwa vigumu kujua.

Jumamosi aliianza kazi kwa utaratibu. Alifungua waya wa spidomita nyuma ya dashibodi, akamwomba mkewe alisukume gari polepole uani huku yeye akiikodolea macho ncha ya waya. Ilizunguka, ikasita, ikaruka, ikazunguka tena. Basi giaboksi, inayouzungusha waya huo, ilikuwa salama. Mgonjwa alikuwa waya. Akauvuta kutoka kwenye ala yake. Ulitoka mkavu, una kutu, na ile ala ilikuwa imebanwa karibu na betri, pale ambapo fundi fulani mwenye haraka aliwahi kuikunja. Akainyoosha ala, akauosha waya kwa mafuta ya taa, akaupaka grisi kidogo, kidogo sana, huku akiacha upande wa juu mkavu, kwa sababu grisi ikizidi hupanda na waya mpaka ndani ya mita.

Ndipo alipoileta spidomita mezani ili atie tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kijiti kinachozunguka. Aliifungua akatazama ndani. Sumaku ndogo, na juu yake kikombe chepesi cha alumini kinachoushika mshale. Sumaku inazunguka, kikombe kinavutwa, lakini havigusani. Alikaa hapo kwa muda mrefu, bisibisi mkononi. Miaka yote hiyo alikuwa amekidharau kitu chenye akili namna hii.

"Kimekushinda?" mkewe aliuliza.

"Kinanishangaza."

Alasiri akalitoa gari barabarani, peke yake. Mshale ulipanda taratibu, ukatulia, haukutetemeka hata kidogo. Injini ikaanza kuimba ule wimbo wa sitini anaoujua. Akatazama chini. Mshale ulikuwa umesimama kwenye themanini.

Alirudi nyumbani amenuna. "Springi ya ndani imelegea. Inaongeza."

"Au sikio la kufa halisikii dawa," mkewe alisema kwa sauti ya kawaida, akiwa amempa mgongo, akaendelea kupinda pindo la suruali ya mteja.

Jumapili asubuhi walikwenda wawili kwenye barabara kuu, pale penye nguzo za kilomita. Hesabu yake ni ya mtoto wa shule: gari linalokwenda sitini linamaliza kilomita moja kwa dakika moja; la themanini, kwa sekunde arobaini na tano. Nguzo haina springi wala sumaku. Ili kusiwe na upendeleo, mzee aliifunika mita kwa kipande cha kitambaa. Alimpa mkewe saa yake ya mkononi.

"Mimi naenda sitini ya masikio," alisema. "Wewe hesabu tu."

Nguzo ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita.

"Sekunde ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Umechelewa kuanza."

Wakarudia. Arobaini na tano. Wakarudia tena, na safari hii mzee alikuwa ameegemea usukani kama anayemsikiliza mtu mwenye sauti ya chini chumba cha pili. Arobaini na saba. Akaegesha pembeni, akazima injini, akakitoa kile kitambaa, akakikunja mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Karibu themanini," alisema.

"Ndiyo."

"Mita haina kosa."

"Haina."

Magari yalipita. Mengine aliyaona kabla ya kuyasikia, na sasa alilitambua hilo.

"Tangu lini?" aliuliza.

Mkewe alisitasita. "Mwaka wa pili sasa. Nakuita kutoka jikoni mara mbili, mara tatu. Redio yako majirani wanaisikia, hawahitaji kununua yao. Nilidhani utajua mwenyewe."

"Kwa hiyo wewe na mita mlikuwa mnajua."

"Mita ulikuwa umeacha kuitazama. Na mimi niliogopa kukunyang'anya jina lako."

Mzee alicheka kidogo, kisha akaacha. Alifikiria zile asubuhi zote, watoto watano nyuma, na yeye akikanyaga mafuta mpaka wimbo ufike mahali anapoujua, bila kufahamu kwamba kila mwezi alihitaji kuukimbiza mbali zaidi.

Jumatatu nesi alikuwa amesimama getini kwake, amemshika mtoto mkono, bado hajamwachia. Sikio alishuka garini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mwanangu, ulisema kweli. Mita nimeitengeneza, nayo ikanishitaki. Masikio yamepungua, nami nilikuwa naendesha kwa masikio. Ukiniambia niache, naacha leo."

Nesi alimtazama. Labda alikuwa amejiandaa kwa ugomvi na sasa hakujua auweke wapi. Akamwingiza mtoto nyuma na wenzake, kisha yeye mwenyewe akafungua mlango wa mbele, akaketi.

"Leo nakwenda na nyinyi," alisema. "Twende tuone."

Mshale ulipanda hadi hamsini na tano, ukabaki hapo. Kwa mzee ilikuwa kama gari limesimama. Injini ilikuwa mbali, kama ya jirani. Macho yake yalitoka barabarani kwenda kwenye kioo, kutoka kwenye kioo kwenda kwenye mshale, kisha barabarani tena, kama mwanafunzi siku ya kwanza.

"Babu," nesi alisema, "lori lililo nyuma linapiga honi."

"Tangu lini?"

"Tangu kwenye daraja."

Watoto walicheka. Mzee alitazama kioo, akaona pua kubwa ya lori, akasogea pembeni kidogo na kutoa mkono dirishani, akalipungia lipite. Lilipopita aliligeukia kwa mazoea, kusikiliza. Kisha akayarudisha macho kwenye mshale.

"Keshokutwa, saa tatu," nesi alisema. "Tunapima masikio hospitalini. Mpaka hapo tutapokezana, mimi na mkeo, mmoja wetu akae hapa mbele."

"Eeh?"

Nesi aliinama karibu na sikio lake ili arudie.

"Nimesikia, mwanangu," alisema mzee. "Nilitaka tu uniambie tena."