King'ora Kilichotazama kwa Mutwiri

Nakumbuka siku moja, mwanangu, jirani yangu Mutwiri alipofunga king'ora nyumbani kwake Kibirichia, nami chai yangu ikanishinda kunywa. Mwizi akivunja mlango, king'ora kinalia paani, halafu kisanduku chake cha ndani ya nyumba kinapiga simu chenyewe hadi dukani kwake Meru. Watu walienda kukitazama kama bibi harusi. Lori langu jipya lilikuwa limesimama hapo hapo barabarani, na hakuna aliyeligusa hata kioo.

Sasa, mimi unanijua. Darasa la nne tu, lakini viazi vyangu vimelisha miji. Nyumba ya mawe nilijenga kabla ya walimu wote wa huku. Mutwiri anitangulie mimi?

Nikaita fundi kutoka mjini. Nilitaka king'ora kikubwa kuliko chake, mdomo wake utazame lango la Mutwiri. Simu nikaongeza ya pili, chumbani, maana yeye alikuwa na moja.

Fundi akasema, "Mzee, waya ya simu ikiingia kwa nyumba, ipitie kisanduku kwanza, ndio iende kwa simu. Hivyo hata mtu akiacha mkono wa simu bila kuurudisha mahali pake, kisanduku kitaikata hiyo simu na kupiga chenyewe. Tukiweke stoo, pale waya inaingilia."

"Stoo? Nani atakiona huko, magunia? Kiweke sebuleni. Chomeka hapo kwa simu."

"Mzee, si nimekuambia..."

"Kwani nyumba ni ya nani?"

Akafunga nilivyotaka.

Mchana mmoja, mimi nikiwa dukani kwangu Meru, karibu na mtaa wa Majengo, wezi walivunja mlango wa jikoni. Mama yangu alikuwa peke yake, na mguu wake ule mbaya. King'ora kikalia. Kisanduku kikajaribu kunipigia, lakini simu ya chumbani, ile niliyonunua kwa ajili ya Mutwiri, ilikuwa haijarudishwa vizuri. Laini ikawa imeshikwa. Nami nimekaa kando ya simu ya duka, nawasifia wateja king'ora changu.

Aliyefika ni Mutwiri, mbio, miguu mitupu, jembe mkononi. Wezi wakaruka ua. Niliporudi jioni nilimkuta kwenye kiti changu, akimmenyea mama viazi. Utaamini, mwanangu, hata hapo wivu ulinishika? Kwamba ni yeye, si mimi.

Mama akanitazama. "Kirimi, hiki kitu ulinifungia mimi, ama ulimfungia Mutwiri?"

Nikainama kuokota maganda ya viazi.

"Basi shukuru Mungu. Uliyemfungia ndiye amekuja."

Mutwiri akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Lakini jirani, kelele yako ni kubwa kweli. Yangu haifiki hapo."

Maneno hayo niliyatafuta mwaka mzima. Siku nilipoyapata sikuwa na mahali pa kuyaweka.

Kisanduku sasa kiko stoo, nyuma ya magunia, na waya inafika kwake kwanza. Hakuna mgeni anayekiona. Kwa hivyo nakuambia, mwanangu: ukijenga, ukinunua, ukifunga chochote, uliza nani atalala salama kwa sababu yake, usiulize nani atakitazama. Na fundi akisema, msikilize, hata kama pesa ni zako.

Mungu akupe mali nyingi kuliko yangu, nami nijitahidi nisikuonee wivu. Akupe na jirani wa kukimbia miguu mitupu nyumba yako ikilia.