Soksi Iliyobana Kovu Langu

Miaka ile ya Zaire nilikuwa fundi wa nguo hapa Kalemie, na sikuwahi kujishusha kuhusu kazi yangu. Blauzi niliyoikata mimi ilimkaa mtu. Kwa hiyo mawese ya moto yaliponimwagikia mkono wa kuume nikikaanga samaki, sikulia kwa maumivu tu. Mkono ule ndio ulioshika mkasi.

Hospitalini daktari alichukua ngozi ya paja langu akaipandikiza kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Ikashika vizuri. Lakini kidonda kilipokauka, pale pakazidi kuwa pekundu na pagumu, panawasha. Mwuguzi, mzee asiyependa maneno mengi, akabonyeza kwa kidole gumba. Pakawa peupe, halafu wekundu ukarudi mbio.

"Hii njo damu, Mama," akasema. "Mishipa midogo inaota mingi kupita kiasi, inalisha kovu. Kovu likinenepa litavuta mukono, hautajikunja tena. Funga bandeji ya kubana, muchana na usiku. Jua hapana. Maji ya moto hapana."

Bandeji za kubana hazikupatikana popote. Haya, fundi ni nani? Nilichukua soksi ndefu za mume wangu za kuchezea mpira, bila kumwomba ruhusa, nikaupima mkono hatua kwa hatua, nikashona kitu kinachobana sawasawa bila kutia vidole ganzi. Mwuguzi alikigeuzageuza, akauliza nani amekishona. Nilimjibu kwa majivuno.

Shida ilikuwa mama mkwe, aliyekuja kutoka Moba kunitunza. Kwake, wekundu ulikuwa moto uliobaki mwilini, na dawa yake ni kukandwa kwa kitambaa cha maji ya moto, kama tunavyokandwa tukishajifungua.

"Ule moto uko bado ndani, mutoto yangu. Acha nikukande."

Nilikataa wiki nzima. Siku moja mkono uliniwasha hadi nikataka kujichuna, nikavua soksi, nikamnyooshea mkono. Kile kitambaa cha moto kilinipa raha, sikatai. Jioni ngozi ilikuwa nyekundu kama pilipili, na malengelenge mawili juu yake. Nilimfokea mama mkwe, jambo lisilofanywa kwetu, ilhali mkono niliutoa mwenyewe. Aliinama akamwaga maji ya kukandia. Malengelenge yalipokauka nilivaa soksi tena, na sikuivua ila kwa kuoga na kuifua.

Ilichukua miezi mingi. Wekundu ulififia kwanza pembeni, ukawa zambarau, mwisho kahawia. Asubuhi moja nilimwita mama mkwe, nikabonyeza kovu mbele yake. Weupe ulichelewa kuondoka. Nikakunja kiganja mbele na nyuma, bila kuvutwa popote.

"Unaona, Mama?" nikasema, nimejaa furaha na ushindi.

Hakucheka. Alikishika kiganja changu, akakikunja mwenyewe, mara mbili, mara tatu. Kisha akaniambia jambo ambalo hata mume wangu hakuwahi kunisimulia: kifungua mimba wake, binti, aliungua mkono akiwa mdogo.

"Nilimukanda kila siku," akasema. "Na maji ya moto sana. Mukono ukajifunga, haukufunguka tena. Mupaka leo nilikuwa nawaza sikumukanda vya kutosha."