Fundi Asiyepokea Vipimo kwa Simu

Simu inaita juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na vifungo, na Mama Pindo hageuki. Mguu uko kwenye kanyagio, mikono inaongoza koti chini ya sindano. Inaita mpaka inakata. Anamaliza mshono, anakata uzi kwa meno, ndipo anampigia aliyepiga.

Ni mteja wa siku nyingi. Anataka suruali tatu, ameshajipima nyumbani, anaomba tu ataje namba.

"Njoo nikupime hapa, baba," anasema Mama Pindo. "Hapana, hata kiuno usinitajie. Haya, nenda kwa huyo mwingine. Akikubana usije kunililia mimi."

Anacheka, lakini mteja ndiyo huyo ameondoka, na si wa kwanza. Tangu mwaka jana wamemkimbia wengi kwa sababu hiyohiyo.

"Wananiita mkaidi," anasema. "Si ukaidi. Niliumia."

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, maana pindo lake halifumuki hata nguo yenyewe ikichakaa. Siku nzuri anamaliza magauni mawili. Siku mbaya anashinda akipunguza nguo za waliokonda na kupanua za walionenepa, na kila mmoja akiapa kwamba ni nguo iliyobadilika.

Chumba ni kimoja, kina cherehani, meza, pasi na kioo kilichopasuka pembeni. Alikuwa akishona humo na mdogo wake, na wote walifundishwa na mama yao. Mkubwa akishona, mdogo anapiga pasi na kutia vifungo. Kwa miaka mitatu waliweka akiba benki, kwa jina la dada mtu, wanunue cherehani ya kudarizi.

Mafundi wengi hupokea vipimo kwa simu. Mteja anataja kifua, kiuno, urefu wa mkono, na fundi anarudia kwa sauti ili wasikosane. Mama Pindo alikuwa amefanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba ulimi ulikuwa unatangulia akili.

Siku moja mwaka jana alikuwa na gauni la haraka, simu ameibana kati ya sikio na bega. Mwanamume mmoja akamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo yake ilikuwa tamu kuliko za wanangu," anakumbuka. "Akasema yuko benki, kuna mwizi anataka kuzoa pesa zetu muda uleule, na yeye anapambana kumzuia. Akataka namba za kadi. Kisha akasema utaingia ujumbe, nimsomee namba zilizomo. Nikamsomea. Tena nikazirudia, asije akakosea!"

Mwizi ndiye aliyekuwa akiongea. Gauni halijapigwa pasi, akaunti ikawa tupu.

Karani wa benki alimweleza kwa upole jambo ambalo sasa analisema kwa kila anayeingia dukani: benki haikupigii kukuuliza namba ya siri, wala namba zinazoingia kwa ujumbe. Karani mwenyewe haruhusiwi kuzijua. Polisi waliandika taarifa, na mpaka leo hajakamatwa mtu.

Mdogo wake hakumgombeza. Wiki ileile alikunja aproni yake, akaenda kushona sare kwenye kiwanda cha mtaa wa pili. Wakikutana njiani walisalimiana, wakaulizana hali za watoto, basi.

"Angenitukana ningelala usingizi," anasema Mama Pindo. "Pesa zinatafutwa. Mdogo wangu nitamtafuta wapi?"

Hapo ndipo alipobandika karatasi ukutani: VIPIMO HAVIPOKELEWI KWA SIMU. Aliona kwamba akiendelea kumtajia namba mtu asiyemwona, iko siku atataja zile nyingine. Akajiwekea na sharti la pili, kwamba mtu yeyote akisema anatoka benki, anakata simu na kwenda benki kwa miguu yake.

Jirani yake, fundi viatu, hana subira na masharti hayo. "Huyu mama amezidi," anasema huku akigonga kisigino. "Juzi nampigia aniazime sindano nene, ananiambia njoo nikuone kwanza. Mimi! Tunatenganishwa na ukuta!"

Lakini mwezi uliopita fundi viatu huyohuyo ndiye aliyemlindia duka.

Simu iliita mashine ikiwa imesimama, akaipokea. Safari hii alikuwa mwanamke. Akasema pesa zilizoibwa zimepatikana, zinasubiri kurudishwa leo, zinahitajika tu namba za kadi mpya.

Mama Pindo hafichi lililompata. Akilini aliiona cherehani ya kudarizi, akamwona mdogo wake akiingia mlangoni. Mkono ulikuwa umeshafungua mkoba.

"Nikaiona kadi yangu, nikaogopa," anasema. "Nikamwambia, mwanangu, nakuja huko benki, nisubiri mlangoni. Akasema usije mama, mfumo utafunga. Nikamwambia basi ufunge, nitaukuta umefungwa."

Akakata. Akamwachia fundi viatu duka, akaenda benki kwa mguu, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Hakuna aliyempigia kutoka pale, na hakuna pesa iliyopatikana. Alilia kwenye foleni mbele za watu, kwa uchungu wa kuzikosa mara ya pili na kwa furaha kwamba hajadanganyika.

Habari haina miguu lakini hufika, hasa ikiwa mikononi mwa fundi viatu. Jioni yake mdogo mtu alikuwa amesimama mlangoni na sare ya kiwanda.

"Dada, ni kweli walipiga tena?"

"Walipiga."

"Ukawapa?"

"Nimewapa pole."

Mdogo mtu hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akasema lililomtoa chumbani mle. Siku ya wizi alikuwepo, anapiga pasi. Alimsikia dada yake akisoma namba na kuzirudia, akadhani ni kifua na kiuno cha mtu.

"Sikukukimbia wewe, dada," alisema. "Nilijikimbia mimi. Nilisikia kila namba na sikuinua kichwa."

Mama Pindo alimsogezea sahani ya chakula, wakala pamoja.

Jumatatu ijayo wote wawili wanakwenda benki kufungua akaunti mpya, isiyotoa pesa mpaka waidhinishe wote wawili. Akiba inaanza upya, na Mama Pindo anakadiria miaka mingine mitatu. Mdogo wake ataaga kiwandani mwisho wa mwezi. Amekubali kurudi kwa sharti moja.

"Ameniambia simu yoyote itakayouliza namba, nimwite," anasema Mama Pindo, akitoa nguo kwenye kigoda cha upande wa pasi ili kibaki wazi. "Hata kama najua la kujibu, nimwite tu. Nami nitamwita."